Gari Likigoma, Usisogee

Rehema,

Sasa hivi umeshuka garini bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa hapa kwenye kizingiti cha jiko nakuangalia. Baba yako mkubwa amegeuza ufunguo, injini ya pikapu ikazungukazunguka haikushika. Amegeuza tena, hivyo hivyo. Na kabla hajafungua mdomo, wewe ulishafungua mlango, ukachukua begi lako, ukapita zizi la mbuzi mpaka kule kwenye ua wa minyaa, ukasimama umeligeuzia gari mgongo. Hukununa. Hukusonya. Umeshuka kama mtu anayevua viatu mlangoni.

"Haya, mwenye mkosi ameshuka," baba mkubwa akasema, na vijana aliowaita kusukuma wakaangua kicheko. "Sasa tuone kama litakataa."

Na wewe kule ulicheka pia. Niliona mabega yako.

Halikuwaka. Wamefungua boneti, wameinama wote, kila mtu anashika waya wake. Mimi nimekaa hapa na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la zamani. Naandika kwa sababu nikijaribu kusema nitalia, na nikilia watasema nalilia safari, nawe utaniambia, "Mama, Tabora si Ulaya." Najua Tabora si Ulaya. Habari za sabuni na mashuka na kutokukopesha vitu vyako bwenini mama mkubwa amekupa asubuhi nzima, sina la kuongeza.

Gari lenyewe halinitishi. Likikataa kabisa tutakupandisha bodaboda, utafika Itigi stesheni na treni utaipata. Kinachonitisha ni ule mwendo wako wa kwenda kwenye minyaa. Unakwenda kusomea uuguzi, mwanangu, na ule mwendo unakwenda nao. Na mimi ndiye niliyekufundisha.

Wewe unakumbuka kipande tu. Nikuambie chote.

Nilipoolewa hapa nilikuwa na mimba yako na umri ambao ningekuwa bado nakimbizana na wenzangu kisimani. Pikapu hii ilikuwepo, na hata wakati ule ilishakuwa mzee. Baba mkubwa alikuwa anabebea ndoo za asali na magunia ya alizeti, na watu wakiugua inabeba watu. Siku ya kwanza kunipeleka kliniki, nikaketi kiti cha mbele, akageuza ufunguo. Kimya. Hakuna hata mlio. Akageuza tena. Kimya. Akaniangalia, akaangalia tumbo langu, akasema, "Shemeji, hebu shuka kidogo." Nikashuka, nikafunga mlango kwa nguvu, maana ule mlango bila nguvu haufungi. Akageuza ufunguo. Likawaka.

Walicheka sana siku ile, na mimi nilicheka. Ilikuwa kichekesho tu. Safari iliyofuata likagoma tena. Nikashuka, nikabamiza mlango, likawaka. Ya tatu hivyo hivyo. Mwanangu, kitu kikitokea hivyo mbele ya macho ya watu utabisha na nini? Kikaisha kuwa kichekesho kikawa kanuni. Gari likinyamaza, hakuna tena aliyefungua boneti. Walikuwa wanasema tu, "Mama Rehema yumo?" Kama simo, wanauliza nani amenigusa, nani amekula kwangu. Shangazi yako mmoja aliwahi kurudisha kikapu cha viazi vitamu nilichompa, akakiweka mlangoni pangu bila hodi, kwa sababu alikuwa na safari ya mnadani.

Nami nikaamini. Hilo ndilo linaloniuma kuandika. Sikulazimishwa kushuka, Rehema. Baada ya muda nilikuwa nashuka mwenyewe, natembea mpaka mbali, nageuka nyuma kuuliza kwa mkono kama inatosha. Na ulipoanza kutembea nikaanza kushuka na wewe. Nilikwambia ni mchezo. "Kimbia mama, tukasimame kwenye kile kichuguu, gari linataka kuwaka linaona aibu." Ukaupenda. Ulikuwa unanitangulia kukimbia. Ulikuwa unafika kwenye kichuguu unapiga kelele, "Washaaa!" na gari linawaka, unaruka ruka kwa furaha, unadhani wewe ndiye uliyeliwasha.

Sasa habari ya bibi yako.

Mama yangu alifariki Ikungi kukiwa na vumbi la kiangazi. Ujumbe ulifika alfajiri kwamba anazikwa baada ya swala ya adhuhuri. Sisi Waislamu wa kwetu maiti haisubiri, unajua, hata kama mtoto wa marehemu yuko njiani. Baba mkubwa, namshukuru kwa hilo, alisema, "Twendeni wote, huyu ni mkwe wetu." Tukapanda. Mimi na wewe mbele, baba yako na watu wengine nyuma. Tukaenda vizuri mpaka tukaiacha Itigi, tukashika barabara ya Mkiwa, ile yenye kichaka pande zote mbili, mtu akiingia hatua chache humwoni tena. Hapo kuna mahali tairi lilipata mwiba. Wakazima gari, wakabadilisha tairi. Kuwasha, kimya.

Baba mkubwa akaondoa mkono kwenye ufunguo. Aliniangalia tu. Msiba ni wa kwangu, mama ni wa kwangu, lakini nilifungua mlango mwenyewe. Nikakushika mkono, tukarudi nyuma kwenye barabara, tukaenda mbali kidogo. Safari hii sikubamiza mlango. Niliuacha wazi, nilikuwa kama mtu aliyelewa. Wakageuza ufunguo, kimya. Baba mkubwa akapaza sauti, "Sogea zaidi!" Tukasogea. "Zaidi!" Tukasogea mpaka kwenye kona. Basi wakaamua kusukuma. Kuna mteremko pale. Wakasukuma wakapiga kelele, gari likateremka, likapiga chafya, likawaka, wakarukia nyuma mmoja mmoja kama nyani.

Likaenda.

Gari la kusukuma halisimami, si unajua. Likisimama likazima, mteremko umekwisha. Nililijua hilo hata wakati ule. Nikakubeba nikakimbia. Nilikimbia na kanga imenifunguka. Baba yako alikuwa nyuma kabisa, ameshika bomba la bodi, anatutazama. Alikuwa na mkono mmoja wazi. Angegonga paa la gari mara moja tu. Hakugonga. Labda alihofu litazima, labda alisema tutapata lifti. Simsemi vibaya, huko Chunya aliko Mungu amlinde, na salamu zake nimekufikishia zote. Nakwambia tu nilichokiona. Alitutazama mpaka vumbi likamfunika.

Nami nilipochoka kukimbia nikakuweka chini, ukanivuta kanga ukaniuliza, "Mama, tumesogea inatosha?"

Bado ulikuwa kwenye mchezo.

Sikukujibu. Nimekaa miaka yote hii sijakujibu.

Tulitembea. Baba mmoja mwenye baiskeli ya asali alikupakia wewe juu ya ndoo, mimi nikafuata nyuma, halafu tukapata lori la mkaa mpaka Mkiwa, na kutoka pale gari lingine. Tulipofika nyumbani Ikungi wanaume walikuwa wanarudi na majembe na sepetu begani. Pikapu ilikuwa chini ya kivuli, injini inanguruma, wameogopa kuizima. Baba mkubwa alikuwa ameketi na sahani. Mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu, alitoka akanitazama kuanzia miguuni, vumbi mpaka kwenye kope, akasema mbele ya watu wote, "Karibu. Wali umebaki."

Hakuna aliyemweleza. Gari zima lile, hakuna hata mmoja aliyesema, tulimwacha njiani. Walisema nilikuja kwa usafiri mwingine.

Basi.

Sasa nisikilize hapa, maana hii sehemu hujawahi kuisikia. Unakumbuka nilipokuwa nauza chai na chapati pale Itigi, malori yanapolala. Kulikuwa na dereva mmoja kipara, mdomo wake mchafu, hana adabu hata kwa mkubwa wake. Asubuhi moja lori lake likanyamaza. Kusikia ule ukimya tu, mimi nikaacha jiko nikaenda kusimama upande wa pili wa barabara.

"Wee mama chapati!" akaniita. "Mbona umekimbilia kule, nanuka?"

"Nasogea liwake, kaka."

"Eti?"

"Mimi nina mkosi na magari."

Yule mtu alikaa chini, akaegemea tairi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Akawaita wenzake. "Njooni mumwone mwanamke anazima lori kwa macho! Mama, una volti ngapi wewe? Njoo nikuunge kwenye betri tukupime!" Wakaja wote na vikombe vyao vya chai. Akanishika mkono akanipandisha mpaka kwenye kiti chake, watu wanatazama, nguo yangu ina unga mpaka magotini.

"Geuza ufunguo. Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Jibu zuri. Washa taa. Umeona nini?"

"Haziwaki."

"Mama yangu, umeua na taa!" Wakacheka tena. Yeye akashuka, akafungua mahali betri ilipo, akashika kile kichwa cha waya kinachoikaba betri, akakizungusha kwa mkono. "Geuza." Nikageuza. Lile lori liliamka chini yangu.

"Sasa shuka. Nenda kule ulikokuwa." Nikaenda. Halikuzima. "Rudi!" Nikarudi. Halikuzima. "Nenda tena! Rudi! Nenda!" Alinipeleka na kunirudisha kama mtu anayeswaga kuku, watu hawana mbavu kwa kicheko, na mimi nilikwenda kila aliponituma. Nilikuwa natamani nione litazima. Kweli, Rehema. Kuna sehemu ya moyo wangu ilikuwa inaomba lizime, ili ile siku ya barabara ya Mkiwa iwe na sababu.

Halikuzima.

Huyo mkorofi ndiye aliyenifundisha, kila alipolala Itigi, kwa matusi na kwa chapati. Kwanza, alisema, usisukume. Watu wakiona gari limegoma wanakimbilia kusukuma kwa kuwa nguvu wanazo na akili inachosha. Sikiliza. Ukigeuza ufunguo ukapata ukimya na taa hakuna, umeme haufiki, tazama betri na vichwa vyake, tazama kama kuna ule unga mweupe, kwangua, kaza. Ukisikia tiki tiki tiki kama kuku anadonoa bati, umeme upo ila umechoka. Ukisikia kishindo kimoja, ko, halafu basi, stata, ile mota inayozungusha injini, ndiyo imenata, igonge kidogo kwa mpini wa nyundo, usiipige kama mwizi. Na kama inazunguka vizuri, ina nguvu, lakini injini haishiki, acha kuisumbua betri ya watu, kafuate mafuta yalikokwama. Kila sauti ina mahali pake pa kutazama. Sikumsikia hata siku moja akitaja jina la mtu.

Nikarudi nyumbani na hayo. Jumapili moja wao wote walikwenda kanisani, mimi niliyekulia msikitini nikabaki, ufunguo uko kwenye msumari. Nikaingia kwenye pikapu, nikageuza. Kimya. Nikafungua mlango, sikushuka, nikaubamiza nikiwa ndani, kwa nguvu ile ile. Taa ya dashibodi ikawaka. Nikageuza, gari likanguruma na mimi nimo ndani. Nikafungua boneti, nikakiona kichwa cha betri kinacheza kama jino la mtoto. Kila nilipobamiza ule mlango kilikuwa kinagusa. Mlango tu, mwanangu. Siku ya msiba niliuacha wazi.

Nilikaa na lile gari likinguruma mpaka niliposikia watu wanarudi.

Nilimwambia baba mkubwa. Nilipiga magoti kabisa, nikamsalimu, nikamweleza kwa heshima. Akaniuliza, "Nani amekuruhusu kuwasha gari langu?" Lakini jioni ile nilimwona na spana, ameinama peke yake, anakaza. Gari likatulia miezi na miezi. Watu wakamuuliza, naye akawajibu kwamba amelipeleka kuombewa. Na lilipokuja kugoma tena, kwa ugonjwa mwingine kabisa, alifungua mlango akasema kama zamani, "Wenye mkosi shukeni." Aliniangalia machoni alipokuwa anasema. Alijua ninajua.

Nami nikashuka.

Na wewe ukashuka nyuma yangu. Ulikuwa umeshakuwa mkubwa, unasoma, ungeelewa. Sikukwambia. Nimejiuliza kwa nini na majibu yangu si mazuri. La kwanza, kushuka kulikuwa rahisi kuliko kubisha, na tunakula kwenye nyumba yake. La pili ni baya zaidi. Kama nina mkosi, basi mama yangu nilimkosa kwa jambo kubwa, jambo la Mungu na mashetani. Kama sina, nilimkosa kwa nati moja ya kukaza kwa mkono, na kwa mwanamume ambaye hakutaka kugonga paa. Nilichagua mkosi. Ulikuwa na uzito unaofanana na msiba wangu. Na wewe nikakuacha uubebe pamoja nami, ili nisiwe peke yangu kule kwenye kichuguu. Unisamehe au usinisamehe, ila ujue.

Sasa huko uendako. Mimi sijasoma sana, wodini nimeingia kama mgonjwa na kama mwenye mgonjwa. Lakini najua kuna siku mtu atakata roho mbele yako, na kesho yake mwingine, na atatokea mtu, muuguzi mwenzako au ndugu wa marehemu, aseme, "Tangu huyu binti aingie zamu." Atasema akicheka kidogo, wanaanza hivyo. Nakuona, Rehema. Nakuona unaweka sinia chini taratibu na kusogea ukutani, mpole, bila kununa, kama ulivyokwenda kwenye minyaa sasa hivi. Na ukishasogea, wote watatulia, wataona jambo limeshapatiwa sababu. Na mpira wa dripu utakuwa umejikunja chini ya mgongo wa mgonjwa, na hakuna atakayetazama, kwa sababu aliyekuwa karibu naye ni wewe.

Usisogee. Wakucheke, ubaki hapo hapo unatazama mpira.

Na sikudanganyi kwamba hutakosea. Utakosea kweli, itakuwa mkono wako kabisa. Siku hiyo sema ni mimi, nimefanya hivi na hivi. Hilo lina mahali pa kulitazama, linarekebishika. Mkosi hauna pa kukazia spana.

Nasikia wanageuza tena huko. Inazunguka, ina nguvu, haishiki. Unaisikia na wewe kule? Sio betri hiyo wala stata. Wameliegesha gari kwenye mteremko tangu jana, eti likigoma leo iwe rahisi kusukuma, na dizeli ndani ni kidogo, imekimbilia upande mmoja wa tangi, pampu inavuta hewa. Wasukume mpaka Manyoni haliwaki. Linatakiwa liletwe hapa tambarare, liongezwe dizeli, kisha mtu afungue pale kwenye chujio la mafuta na kupampu kwa mkono mpaka hewa iishe. Nimelijua hilo tangu ufunguo wa kwanza, nami nimekaa hapa na kalamu kama mgeni.

Baba mkubwa ananiita. "Mama Rehema! Wewe Mama Rehema! Mwambie mtoto wako asogee zaidi, avuke barabara kabisa, tunataka kusukuma!" Vijana wanacheka. Wewe umesikia, umeshainama kuchukua begi. Liache chini, mwanangu, nakuja. Nakuja kukushika mkono nikurudishe kwenye kiti cha mbele, ufunge mlango uwe ndani, na mimi nitasimama pale kwenye boneti nimwambie shemeji, wote wakisikia, kwamba siku ile ya barabara ya Mkiwa mimi na mtoto wangu tuliachwa njiani kwa nati moja, si kwa mkosi.